Safu ya Katani

Alhamisi, Oktoba 1974

Na asubuhi nilikuwa namshukuru Mungu kwa kuniletea hao kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi!

Wamefyeka kichaka chote kilichoota tangu mume wangu afariki. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia muthokoi. Sikumwambia hata mmoja kwamba ile safu ya katani ndiyo mpaka wetu na shemeji. Wameing'oa yote, wakaitupa motoni pamoja na miiba.

Jumatatu wapimaji wa ardhi wanakuja. Nitawaonyesha nini? Majivu?

Jioni shemeji alipita, akasimama katikati ya shamba langu.

"Asante, Mama Mwende," akasema. "Umenisafishia vizuri sana."

Nikampakulia muthokoi uliobaki. Akala, akaomba tena, nikampa.