Maili za Baba

Mama mpendwa, natumai baridi ya Kitale haikusumbui sana.

Nimefika Bungoma na gari la marehemu Baba. Tangu tumzike, sikuwa nimeliendesha peke yangu. Unakumbuka alivyogombana na dashibodi yake ikionyesha mafuta yanayotumika: lita nane kwa kilomita mia. "Hiyo ni hesabu gani bana? Niambie kwa maili na galoni." Namba ikishuka alikasirika, nami nikimweleza kwamba ikipungua ndiyo nzuri.

Leo, baada ya Kimilili, ilishuka hadi saba. Nikapiga hesabu haraka, nikageukia kiti chake cha pembeni: "Baba, hiyo ni maili arobaini kwa galoni."

Nikasimamisha gari kando, nikalia.

Kula, Mama, hata kidogo. Kesho narudi polepole, vile alipenda.

Wako, Nafula