Mtaalamu wa Waterik

Jumatatu, 2 Agosti 1965

Barua kutoka Nairobi. Karatasi nene, mihuri mitatu. Kuna wageni wawili wa kutoka Denmaki, Profesa Holm na mkewe, wanaotaka kutembezwa kwa miguu katika "maeneo ya makabila madogo". Siku tatu, vilima na utamaduni. Ofisi yetu ya Kakamega itoe kiongozi mwenye ujuzi.

Tulijadiliana mpaka saa saba: kabila dogo ni lipi? Mimi niliwahi kusema kwamba si sisi Waidakho. Musimbi wa taipu akasema Waisukha pia si wadogo, na asiyekubali aende akamwambie kaka yake. Mwishowe tulikubaliana kwamba kabila dogo ni lile lisilo na mtu ofisini. Tukatazamana. Waterik! Hatuna Mterik hata wa kufagia.

Kisha fomu. "Je, kiongozi anazijua lugha na mila za watu hao?" Nikaandika: Naam, kwa utafiti wa miaka mitatu.

Utafiti wenyewe ni Sellah, mke wangu, ambaye ni Mterik. Nilimtorosha kwao Agosti ya sitini na mbili, kwa hiyo miaka haina uongo. Lugha ninayoijua ni salamu, majina ya mboga na maneno ya ugomvi. Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja tu, ningeeleza wapi yote hayo?

Sababu ni hii. Barua inasema kiongozi akifanya vizuri atathibitishwa kuwa Afisa Msaidizi wa Utamaduni. Nimekaimu miezi minane! Mtu anayekaimu ni kama kuku wa jirani: anadonoa uwanjani lakini hakuna anayemhesabu. Kile kiti nakitaka. Sioni haya kulisema hapa.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimemwambia Sellah. Alicheka, akaketi, akacheka tena. Kisha akaacha ghafla na kuniuliza tutapita upande gani.

Najua alichokuwa akiogopa. Kwetu, mkwe ambaye hajapokewa rasmi haonani uso kwa uso na mama mkwe. Akikutana naye njiani anaingia kichakani. Hakanyagi nyumbani kwake, hali chake, hatamki jina lake. (Hata hapa siliandiki.) Kwao Sellah ni vivyo hivyo. Katika hotuba yangu ya kurasa sita juu ya tofauti kubwa kati ya makabila haya mawili, hilo sikuligusa.

Na mimi sijapokewa. Siku imepangwa mara tatu, mara zote tatu nimeiahirisha. Mara ya kwanza uhuru, mara ya pili jamhuri, mara ya tatu ukaguzi wa ofisi. Sasa imewekwa Desemba. Mama yake ni mjane, alishapika pombe mara tatu ikanywewa na majirani.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nyumba ya kuonyesha wageni nitaichagua mwenyewe, mbali na kwao. Hakupandisha sauti.

"Mama amekungojanga mara tatu, Bramwel. Ukimuaibisha, Jumapili ya baada ya ziara usinitafute hapa. Mimi na mtoto tutakuwa kwake."

Jumamosi, 7 Agosti

Nimekwenda kutazama mambo mapema. Nimepokewa na Kimutai, naibu wa chifu, mtu mpole mwenye macho ya kucheka. Anajua mke wangu ni nani. Aliniuliza habari za mtoto, nami nikauliza habari za njia.

Tumechagua nyumba ya mzee Kiplagat. Nyasi safi, kuta za udongo, kibuyu cha maziwa mlangoni. Bora kabisa! Nikamweleza mzee kwamba hawa ni wageni wa serikali, serikali yetu wenyewe sasa, kwa hiyo nyumba iwe tayari. Akashika mkono wangu kwa mikono miwili, macho yamemlenga machozi.

Taabu ilikuwa mavazi. Programu ya Nairobi inasema wenyeji wavae ngozi. Kimutai akanionyesha koti lake la kaki.

"Sisi tunavaanga hivi," alisema. "Lakini kama serikali inataka ngozi, tunaweza kutafuta."

Hakuna aliye nazo. Wote ni watu wa kanisa, ngozi walizitupa tangu enzi za baba zao. Nimeahidi kuazima ngozi za mbega kwa wacheza ngoma ya isukuti wa Isukha. Kwa hiyo Waterik watavaa ngozi za Waisukha ili Wadenmaki waone mambo ya Kiterik. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Jumanne, 10 Agosti

Wamefika. Profesa ni mrefu, mpole, ana kijitabu kilichofungwa shingoni kwa kamba. Mkewe ana miguu ya askari wa doria. Na pamoja nao, jambo ambalo barua haikusema, ni Bwana Maina kutoka makao makuu, aliyekuja kusimamia. Suti ya kijivu, viatu vipya vinavyolia. Ndiye atakayeitia sahihi barua yangu.

Bwana Maina hajawahi kuvuka Nakuru. Kila kitu anauliza kama ni cha asili. Kuku tuliokula hotelini, ni wa asili? Ule mlio wa vyura, wa asili? Nimejibu ndiyo kwa yote. Akapenda. Aliponiuliza nilijifunza wapi mila za Waterik, nikasema kwa kuishi nao karibu sana.

Jumatano, 11 Agosti

Msitu wa Kakamega tangu asubuhi. Profesa aliuliza jina la mti mmoja mkubwa. Silijui. Lakini mtu anayenyamaza hathibitishwi kazini, nikasema huo ni mti wa viapo, wazee huvua kofia wakiupita. Profesa akaandika, akavua kofia.

Kumbe mti wenyewe umejaa msitu mzima. Alivua kofia mara kumi na moja. Mwishowe akaiweka mfukoni, akapigwa na jua mpaka pua ikawa nyekundu kama nyanya. Nilimwonea huruma, lakini ningerudi nyuma vipi?

Alhamisi, 12 Agosti

Motokaa mpaka Kaimosi kupitia Mukumu, kisha miguu. Kupanda, kuteremka, kupanda. Bibi Holm mbele, sisi nyuma tukihema. Saa nane mvua ya mawe ikatukuta uwandani. Viatu vya Bwana Maina vikafumuka vyote viwili, akavivua akavibeba mkononi. Profesa akauliza kama kutembea peku ni heshima kwa ardhi ya kabila hili. Bwana Maina, bila hata kunitazama, akasema ndiyo, ni desturi ya zamani sana. Profesa na mkewe wakavua viatu vyao.

Kwa hiyo sasa tunaitunga mila wawili. Nikaona nimepata ndugu.

Jioni, akikanda nyayo zake kwa maji ya moto, alinishika bega. Alisema Profesa ataandika kitabu, na kitabu kikisema vizuri hata waziri atasoma. Barua yangu anayo mkobani, imechapwa tayari, imebaki sahihi. Kesho ikienda vizuri ataitia kabla hatujapanda motokaa. Kesho tu!

Ijumaa, 13 Agosti, saa nne asubuhi

Balaa. Naandika nikiwa nimesimama uwanjani kwa mzee Kiplagat.

Ameezeka mabati. Mapya, yanang'aa mpaka huwezi kuyatazama. Aliposikia wageni wa serikali wanakuja, ameuza dume lake, akaita mafundi, wiki moja nyumba yote imekwisha. Anatuzungusha, ngozi ya mbega ya kuazima begani, kutuonyesha misumari. Kosa ni langu. Nilimwambia nyumba iwe tayari, naye akaitayarisha kama mtu yeyote mwenye heshima zake angeitayarisha.

Bibi Holm ameifunga kamera yake polepole. Bwana Maina amemwambia mzee mbele ya watu kwamba mabati si utamaduni. Mzee hakuelewa, akadhani anasifiwa, akamletea kiti. Nimetazama chini.

Sasa Bwana Maina anamtaka Kimutai atafute nyumba ya nyasi, upesi. Kimutai anakuna kidevu. Anasema mlima huu wote umebaki na nyumba moja tu ya nyasi, ya mama mmoja mjane aliyekataa mabati kwa sababu mvua ya mawe humnyima usingizi. Hapo ng'ambo ya mto.

Kimutai hakunitazama aliposema hivyo. Nilimshukuru kwa hilo tu.

Saa tano na nusu

Nje ya ua wa mama mkwe.

Nimefanya nililoweza. Nilisema njia ni mbaya, Bibi Holm akaruka mto. Nilisema kuna ugonjwa wa ng'ombe, Profesa akasema yeye si ng'ombe. Tulipofika langoni nikamwambia Bwana Maina kwamba kwa mila kiongozi hubaki nje. Akashangaa, Profesa akaandika. Wao wakaingia, Kimutai akabaki nje karibu nami. Mimi niko nyuma ya ukuta, upande wa ndama aliyefungwa kwenye kigingi. Kuna kijidirisha kidogo. Nimekipa mgongo.

Wanauliza kwa Kiingereza kutoka ndani nami najibu kutoka nje bila kuona. Profesa: kuna kitu kirefu chembamba kimening'inia juu ya kitanda, ni nini? Nikasema ni mkuki wa marehemu, haugusiki. Kisha nikasikia sauti ambayo katika miaka mitatu sijawahi kuisikia kwa karibu. Haikusema nami. Ilitoka dirishani ikamwendea ndama, kwa Kiterik chepesi hata mimi nikaelewa.

"Ndama, mwambie anayesema huko nje. Hiyo ni pampu ya baiskeli."

Nilisahau kwamba aliwahi kuwafulia wamisheni wa Kaimosi, Kiingereza anakisikia ingawa hakisemi. Ndama alipiga mkia. Bwana Maina akauliza mama anasema nini. Kimutai, alipoombwa atafsiri, alitazama mawingu akasema mtaalamu si yupo? Ikabidi nitafsiri mwenyewe. Nilisema mama anamsifu marehemu kwa wepesi wake wa kusafiri.

Basi imekuwa hivyo nusu saa. Karatasi yenye picha, nikasema ni ishara za ukoo. Ndama akaambiwa ni kalenda ya kanisa. Shimo ukutani, nikasema ni la mizimu. Ndama akaambiwa panya. Profesa amefurahi mno! Anasema tangu atue Kenya hii ndiyo mara ya kwanza kuona desturi ambayo haikuandaliwa: mwanamke anasema na mnyama, mwanamume hageuki. Ana kweli. Ndiyo desturi pekee ya kweli katika ziara nzima, na mimi ndiye ninayemficha Profesa maana yake.

Naona haya. Mama mkwe alinitengea kigoda nje hapa. Kilikuwa kimeshapanguswa nilipofika.

Saa sita kasorobo

Haraka. Wanangoja.

Bwana Maina alitaka picha ya mwisho: mama mwenye nyumba mlangoni, akishikana mkono na mtaalamu, wageni pembeni. Akaniita niingie. Nikasema mila. Akatoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti ya chini kwamba mila ameshaikubali nusu saa nzima, sasa ni kazi. Barua ilikuwa mkononi mwake, na kalamu.

Kisha mama akazungumza. Taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayemfunza mtoto, na nikaelewa yote. Haikuwa mboga wala ugomvi.

"Ndama, nisikilizie. Huyu anayefundisha watu mila za nyumba yangu, ni mtu wa serikali au ni mtu wa binti yangu? Kama ni wa serikali, aingie kama wenzake, nitampa mkono. Kama ni wa binti yangu, abaki hapo alipo na aseme, wageni wake wasikie. Ndipo nitajua nimtumie binti yangu maneno gani."

Kimutai ameacha kutazama mawingu.

Bwana Maina: anasema nini? Profesa: anasema nini? Nikawaambia ni maneno mazito ya kale, siwezi kuyatafsiri kwa mdomo, nipewe dakika tano niyaandike kwanza. Profesa akaweka mkono kifuani kwa heshima. Kwa hiyo nimeketi kwenye kigoda, daftari gotini, naandika. Wanadhani ni tafsiri.

Nikiingia, nina kiti Kakamega, na Jumapili nyumba tupu. Nikisema mimi ni nani, Bwana Maina atajua utafiti wangu unaitwa Sellah, na ile fomu iko kwenye faili lenye jina langu. Mama huyu hakunitukana. Angeweza, mbele ya wote, lakini amenipa mlango na ukuta nichague mwenyewe.

Nilidhani mtu akiandika ataona lililo sahihi. Nimeandika, nimeliona, bado nimeketi.

Bwana Maina anaita. Anasema dakika zimekwisha, na nisijisumbue kusoma. Kwa kuwa nimeandika kwa Kiswahili, nimpe daftari lenyewe, atawasomea wageni yeye mwenyewe, tangu mwanzo. Anazunguka nyumba. Nasikia nyayo zake peku kwenye tope. Mama amesogea dirishani na kumwambia ndama anyamaze, anataka kusikia, ingawa ndama hakuwa amelia. Mkono wa Bwana Maina huu hapa juu ya ukurasa, na mimi bado sija—