Kitambaa cha Msiba cha Bibi Maureen

Mount Druitt, Sydney
14 Septemba 2025

Kwako Dada Leokadia,

Shikamoo dada. Mnaendeleaje hapo Bukoba, wewe, shemeji na watoto? Na goti la mama, bado linamsumbua mvua zikinyesha? Sisi huku tupo. Shemeji yako Ulimboka anakusalimu. Bado yuko kwenye lile ghala la Smithfield, na siku hizi anaomba kazi hata Jumapili. Barua hii anaileta Ponsian wa Kamachumu, aliyemaliza chuo hapa. Nimemsihi akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni ya namna gani, nikakujibu juujuu tu. Namtunza bibi mmoja wa Minto anayeitwa Maureen, ana miaka themanini na mitatu. Namwogesha, nampikia, namkumbusha dawa. Ujanani aliishi na mumewe Marekani miaka kumi na mmoja, na huko akashikwa na wazimu wa kukusanya vitu vya kale. Si vya matajiri, dada. Ni vile watu wa mashambani walivyojitengenezea wenyewe. Sebuleni kuna bata wa mbao ambao wawindaji waliwaacha waelee ziwani ili kuwavuta bata wa kweli. Kuna jogoo wa bati aliyekuwa juu ya paa akionyesha upepo unakotoka. Ukutani yametundikwa mablanketi ya viraka, na kitandani kwake lipo jingine ambalo haruhusu lifuliwe kwa mashine.

Amenifundisha kuvitambua. Kitu cha kale, anasema, kigeuze kwanza utazame mgongo wake, kwa maana udanganyifu hufanywa mbele. Tazama mahali mkono ulipozoea kushika. Usikisugue, usikipake rangi, usikiongezee kitu. Mimi nageuza, natazama, namwambia ninachoona. Kazi hiyo naipenda kwa sababu hainitaki niseme kitu kingine.

Mwezi wa sita nilimpeleka kwenye nyumba moja upande wa Camden, ambako mwenyewe alikuwa amefariki na watoto wake wanauza vyombo. Chini ya rundo la mataulo nikakuta fremu. Ndani yake mlikuwa na hariri iliyofifia, imedariziwa mti wenye matawi yaliyoinama, kaburi, na mwanamke aliyevaa nyeusi ameliegemea. Bibi Maureen alivuta pumzi, akainunua. Tulipofika nyumbani akanieleza kwamba zamani kule Marekani wasichana walidarizi picha za namna hiyo wakifiwa, na jina la marehemu liliandikwa juu ya kaburi. Lakini hili kaburi lilikuwa tupu. Akasema pengine msichana alichoka, au aliolewa akaiacha.

Nikamwambia pengine marehemu alikuwa bado hajaitwa jina na mtu yeyote.

Bibi aliiweka fremu mezani. Kisha akaniuliza, "Mimba ilikuwa ya miezi mingapi, Rozina?"

Nikamjibu, "Minane."

Dada, hapo ndipo nimefika, na sijui njia nyingine ya kuliandika. Mtoto wangu hakuzaliwa hai. Ilikuwa tarehe tisa Oktoba mwaka jana. Walinipima asubuhi ya tarehe nane wakasema hawasikii moyo, nami nikamzaa kesho yake mchana. Alikuwa wa kike, ana nywele nyingi. Tulimwandikisha kwa jina lako, kama nilivyokuahidi, tukamzika hapa. Ulimboka alifungua kitanda cha mtoto skrubu moja moja, akakirudisha dukani. Maziwa yalitoka siku kumi na mbili. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Nakula, nalala, napanda treni.

Siku ya tatu mama alipiga simu, akapiga kigelegele kabla sijasema neno. Alidhani ukimya wetu ni wa uzazi. Nikamwachia aendelee. Mtoto uliyemwona kwenye picha, ambaye mama amemtundika ukutani, ni wa jirani yangu Ninahazwe, Mrundi tunayesali naye. Kila nilipoomba kumpakata na kumpiga picha alidhani ni mapenzi, kwa kuwa alijua nimefiwa. Hajui nilizituma kwenu. Naye itabidi nimwambie. Ulimboka anajua, na ndiyo sababu hapokei simu zenu.

Nilimwomba Bibi Maureen aniruhusu nidarizi jina kwenye lile kaburi tupu. Alikataa. Alisema kaburi lile lina mwenyewe, hata kama hatumjui, na mwanangu hastahili kukaa mahali pa mtu mwingine. Niliona ni mkatili. Kesho yake nikakuta mezani kipande cha kitani, uzi mweusi na sindano, akaniambia nikae. Akanielekeza kufunga uzi kwa nyuma. Nadarizi herufi moja kila mchana, akishalala usingizi wake wa baada ya chakula. Nilipofika katikati ya jina, mama akapiga simu kuuliza keki ya mwaka wa kwanza tutakata saa ngapi ili nao wasali saa hiyohiyo. Nikamjibu saa tisa. Nikakata simu, nikaona siwezi tena.

Sikuombi unisamehe kwa sasa. Naomba uende kwa mama kabla ya tarehe tisa ya mwezi ujao, umkalishe, umwambie taratibu, na ile picha uitoe ukutani wewe, asiitoe yeye. Akitaka kunipigia kelele, mpe simu. Nitapokea. Wewe mwenyewe nipigie utakapokuwa tayari, hata ikiwa ni kunitukana.

Wasalimie shemeji, watoto, na wote wa jumuiya wanaotuombea. Mama msalimie kwanza, kabla hujamwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Rozina