Damu ya Mama Kabichi

Baba yangu mpendwa,

Kamwene. Ulinifundisha kwamba mtu wa Igowole hasemi neno lolote kabla hajasalimia, kwa hiyo nasalimia kwanza, ingawa najua hakuna wa kuitikia. Mimi ni mzima. Niko kidato cha pili hapa Iringa, katika shule ileile uliyosema nikichaguliwa utaununulia mtaa mzima soda. Nilichaguliwa. Soda hatukunywa.

Nakuandikia kwa sababu ya insha. Mwezi uliopita gari la sinema la serikali lilikuja shuleni likatuonyesha filamu ya kuchimba vyoo, na wasichana wakapiga miayo. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikasirika. Akasema kama tunazijua sinema bora kuliko hiyo, basi kila mmoja aandike juu ya aina ya sinema anayoifahamu, aeleze nguvu zake na udhaifu wake. Wenzangu waliandika juu ya sinema za Kihindi. Mimi niliandika juu ya zile zako za damu. Nilipata alama nzuri, lakini chini kabisa mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Udhaifu umeueleza vizuri. Nguvu sijaziona. Andika upya sehemu hiyo."

Nimejaribu mara tatu. Siwezi kuziandika nguvu hizo bila kukutaja, na siwezi kukutaja katika daftari linalokusanywa na kiranja. Kwa hiyo naanzia hapa, kwako.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Tulitoka Mwanjelwa baada ya chakula, wewe umevaa koti lako la kijani, mimi nimebeba chupa ya chai. Mama alisimama mlangoni akalalamika, kila Jumamosi maneno yaleyale: "Mtoto wa kike kwenye sinema za wachinjaji! Atakuja kuolewa na nani huyo?" Na wewe ulijibu bila kugeuka: "Haendi sinema, mama. Anakwenda kazini na mimi."

Na kweli ilikuwa kazi. Chumba cha mashine yako ya kuonyeshea picha kilikuwa juu, unapanda kwa ngazi ya chuma, na mwezi wa saba kilikuwa mahali pekee penye joto Mbeya nzima. Mimi nilikalia sanduku la bati ambalo mikanda ya filamu ilisafirishwa ndani yake, nikachungulia katika kidirisha kidogo pembeni ya mashine. Kazi yangu ilikuwa kukupa kile kipande cha boksi la sabuni.

Kipande kile wenzangu hapa hawakiamini ninapowasimulia. Mwenye sinema aliogopa malalamiko ya wazazi, akakuamuru kila watu wanapobusiana kwenye picha uzibe lenzi. Nilikuwa nakupa boksi, unaziba, ukumbi unakuwa giza, na sauti inaendelea peke yake. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Toa mkono, fundi!"

"Toa mkono, tumelipa!"

Na yule mama muuza vitumbua, aliyekaa mbele daima na ndoo yake kati ya miguu, sauti yake ilizishinda zote: "Fundi, wewe una mke nyumbani! Sisi wajane je?"

Ulicheka mpaka ukakohoa. Wakati ule kukohoa kulikuwa kukohoa tu.

Siku moja nilikuuliza, "Baba, kwa nini unaziba wakipendana na huzibi wakiuana?" Ulijibu huku ukitazama mwanga wa mashine, "Kupendana kwao kunaweza kuwa kweli. Kuuana ni uongo mtupu. Uongo hauna haja ya kuzibwa."

Filamu niliyoiandikia insha ni ile ya mwanamke mwenye nyumba ya wageni, anayewaua wageni wake kwa shoka na kuwazika katika bustani ya kabichi. Jina lake halisi hakuna aliyeweza kulitamka, kwa hiyo Mbeya nzima iliiita Mama Kabichi. Ilikuja ikiwa imechakaa, imeshapita Morogoro na Iringa, ina mistari kama mvua. Watu waliipenda wakairudia Jumamosi nne.

Mara ya kwanza nilificha uso kwenye koti lako. Uliniondoa taratibu ukasema, "Angalia kama fundi, usiangalie kama mteja." Ukanionyesha. Yule mgeni wa kwanza anakatwa mkono wa kushoto, lakini kitambaa kinafungwa wa kulia. Maiti ya pili inapumua. Mgeni wa tatu na askari ni mtu mmoja, amebandikwa masharubu. Na damu! Ilikuwa nyekundu mno, nzito mno, ilikaribia rangi ya chungwa. "Damu ya kweli haina haraka ya kuonekana hivyo," ulisema. "Hii wameipika jikoni."

Lakini hukuwadharau. Hilo nililisahau katika insha. Ulisema, "Hawa watu hawana kitu, kama sisi. Tazama, meza ya kulia ndiyo meza ya hospitali, wamegeuza kitambaa tu. Lakini wamemaliza kazi yao, na imefika Mbeya."

Jumapili moja tukapika damu yetu wenyewe, uji mwepesi wa ulezi na wino mwekundu uliouazima kwa mwalimu jirani. Ulijipaka mdomoni ukalala nyuma ya mlango wa jiko. Mama alipoingia alipiga ukelele uliowaleta majirani wa nyumba tatu, halafu akakupiga na mwiko kwa hasira ya kweli. "Una wazimu wewe? Nikifa kwa mshtuko, huyu utamlea na hiyo mashine yako?" Tulicheka wiki nzima. Lile shati lako halikutakata tena. Wino ulikataa sabuni, ukakataa jua, ukabaki doa kama ramani.

Sasa nafika pale nisipotaka kufika.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya shule, mwaka wangu wa darasa la saba. Nilikwenda bombani kuchota maji nikakukuta umeinama karibu na migomba, leso mdomoni. Ulipoitoa niliona nyekundu, nyekundu mno, nyingi mno. Kama ya Mama Kabichi.

Nikacheka, Baba.

Nikasema, "Leo uji umeuzidisha."

Halafu ukatabasamu, ukaikunja leso. "Umenikamata," ulisema. "Ya sinema hii. Usimwambie mama yako, nataka kumtisha Jumapili."

Nilingoja Jumapili kwa hamu. Nilijiweka tayari karibu na mlango wa jiko nimshike mama asianguke. Jumapili ikapita, ulilala mchana kutwa.

Wiki iliyofuata uliniomba nisuuze leso nyingine, bado mbichi, kabla mama hajarudi kutoka sokoni. Niliitia kwenye maji baridi. Sikuwa hata nimechukua sabuni. Ile nyekundu ilijitoa yenyewe, ikaenda na maji kwenye mfereji, na leso ikabaki nyeupe kabisa mkononi mwangu. Wino wetu ulikuwa umekaa kwenye shati zaidi ya mwaka. Nilisimama pale bombani mpaka mikono ikafa ganzi, na ninyi mlionifundisha kuangalia kama fundi, wewe na sinema zako, mlikuwa mmefanya kazi nzuri. Nilijua.

Ulipoona uso wangu hukunidanganya tena. Ulisema, "Mama yako akijua ataniburuta hospitali, na mwenye sinema atamweka mtu mwingine kwenye mashine. Tumalize mtihani wako kwanza. Wewe ni mtu mzima sasa, sivyo?" Nikasema ndiyo. Nilijivuna, Baba. Nilijivuna kuwa mtu mzima. Kwa miezi minne nilisuuza leso zako, nikazianika ndani ya mkoba wa shule, na mtihani nikaufanya.

Ulipopelekwa hospitali, mganga alimwambia mama pale ukumbini, bila ukali, kwa uchovu tu: "Mbona mmemleta amekwisha? Dawa ya kifua ipo. Mngemleta mapema." Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Mama hakunitazama.

Ulikufa Jumanne adhuhuri. Hapakuwa na damu hata tone moja. Midomo yako ilikuwa mikavu, uso umekuwa mdogo, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anamenya chungwa. Huo ndio udhaifu niliouandika kwanza katika insha: sinema hizi zinatufundisha kwamba kifo kinakuja kwa kelele, kinagonga mlango kwa shoka, na mtu mwenye akili atakisikia kikija. Niliandika pia kwamba katika Mama Kabichi wanakufa watu sita na hakuna hata mmoja anayeliliwa. Hakuna mkeka unaotandikwa, hakuna anayeuliza marehemu alikuwa mtoto wa nani. Sisi tulikurudisha Igowole, watu wakalala msibani siku nne katika baridi ile, shangazi wakapika ugali na maharage mpaka kuni zikaisha. Msiba huo niliuandika bila jina, na mwalimu alipiga alama ya vyema pembeni ya aya hiyo. Hakujua ni msiba wa nani.

Likizo iliyopita nilikwenda Mbeya nikiwa nimeamua kumwambia mama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa sinema yoyote. Nilikuwa na tumaini moja, kwamba atanipiga, au atalia, au atanifukuza, kisha atanirudisha, na baada ya hapo tutaweza kulitaja jina lako mezani.

Alikuwa anachambua maharage uani. Nilikaa chini mbele yake.

"Mama, mimi nilijua. Kabla ya hospitali. Nilikuwa nasuuza leso zake."

Mikono yake haikusimama. Aliokota jiwe, akalitupa.

"Leso," alisema. "Na foronya ya mto ulidhani anaifua nani?"

Sikuelewa mara moja. Akaendelea, macho kwenye ungo.

"Aliniambia, mtoto asijue, ana mtihani. Akijua ataacha shule. Nikanyamaza. Kila asubuhi nafua kabla hujaamka."

"Mimi aliniambia wewe usijue."

"Ndiyo," alisema mama. "Alikuwa fundi."

Basi. Hakunipiga wala hakulia. Aliinuka akayaosha maharage, akayabandika, na jioni tukala. Sikupata hata hasira yake. Nilirudi Iringa na mzigo uleule, ila sasa najua kwamba katika nyumba ile ya vyumba viwili, siku zote zile, mama alikuwa kwenye beseni kabla sijaamka na mimi bombani yeye akiwa sokoni, hatua kumi kati ya beseni na bomba, na maji yetu mekundu yalipita katika mfereji mmoja. Yeye aliongea na mimi habari za uji. Mimi niliongea naye habari za hesabu.

Nimelifikiria swali la mwalimu tangu siku hiyo, na nadhani nimezipata nguvu. Zilikuwa mbele yangu muda wote, chini ya kile kidirisha. Mama Kabichi alipoinua shoka, ukumbi mzima ulipiga kelele. Mama wa vitumbua aliwashika mikono watu asiowajua. Wanaume wazima waliita mama zao. Watu walisimama juu ya viti wakamwonya yule mgeni mjinga, "Yuko nyuma yako! Kimbia, bwana, yuko nyuma yako!" Walijua ni uji na wino. Walijua hawezi kuwasikia. Walimwonya hivyohivyo, Jumamosi nne mfululizo, na kila mara alikufa, na Jumamosi iliyofuata walimwonya tena.

Kwa damu ya uongo watu mia mbili walipiga kelele. Kwa damu ya kweli tulikuwa wawili, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nitaiandika hivyo kwa mwalimu, ila bila wewe ndani yake. Sijui kama atatosheka. Sijui kama inasaidia kitu. Dawa ya kifua ipo, alisema mganga, na nimejifunza katika somo la afya jinsi inavyofanya kazi, na ni somo ambalo nalisoma kwa bidii kuliko yote, kana kwamba mtu ananingoja niwahi. Hakuna anayeningoja. Mama ananiandikia kwamba hajambo, na siku hizi nisomapo neno hilo naligeuza geuza, natafuta mahali ambapo kitambaa kimefungwa mkono usiokatwa.

Nakukasirikia, Baba. Sikuwahi kukuambia hivyo ulipokuwa hai, adabu yangu haikuniruhusu, lakini nakukasirikia, na bado natamani nikupe chai juu ya ngazi ile ya chuma. Ulituziba mimi na mama kwa kipande kilekile cha boksi, ukadhani unatuhurumia. Ulisema uongo hauna haja ya kuzibwa. Basi ulikuwa unaziba nini?

Sina la kukuomba ambalo unaweza kunipa. Ukipenda, nitokee ndotoni mara moja tu, umekaa kwenye sanduku la bati, nami nisimame chini ukumbini pamoja na watu wote, nikuite kwa sauti kama walivyokuita wao.

Toa mkono, fundi. Toa mkono, Baba, tunaona giza.

Ni mimi, binti yako wa chumba cha mashine.