Umri Wetu kwenye Ubao wa Matangazo

Mpendwa shangazi,

Shikamoo, popote ulipo. Nakuandikia nikiwa ofisini kwa msajili wa ndoa, Kilifi, saa ya chakula, wenzangu wametoka. Tangu tukuzike Vitengeni sijafungua kitabu hata kimoja, lakini wiki hii riwaya zako zimenirudia.

Unakumbuka barazani kwako Malindi? Ulinisimulia zile riwaya kuukuu za Ulaya ulizopewa na masista, huku ukichambua mchele. Kila mwanamke aliyempenda mwanamume asiyefaa alikufa kabla ya ukurasa wa mwisho. Nikauliza, "Mbona mwanamume hafi?" Ukacheka. "Mwanangu, mwandishi naye ana majirani."

Sikuelewa. Nilidhani vitabu vile vinahusu wapendanao. Sasa naona vinahusu zaidi wanaowatazama: nani ameacha kumwalika nani, nani ameshusha sauti mtu alipoingia. Je, mwandishi alimwadhibu yule mwanamke kwa kuamini amekosa, au kwa kuwaogopa wasomaji?

Nauliza kwa sababu nataka kumwoa Riziki, mjane anayeshona nguo sokoni. Ana miaka thelathini na sita, mimi ishirini na mitano. Mama hasemi nami. Hapa kazini wananiuliza, "Karani, asubuhi utamwamkia mkeo shikamoo?" Hucheka nao, kisha nainamia taipureta yangu.

Kazi yangu waijua: nachapa matangazo ya ndoa, nayabandika ubaoni nje siku ishirini na moja, mwenye pingamizi aseme. Jana nilichapa letu. Nikampunguzia Riziki miaka tisa. Nilipolisoma, nikaona nimefanya kama waandishi wako: nimemwondoa mwanamke mmoja duniani ili majirani walale.

Nikalichana. Leo nimechapa umri wake kamili, nikatoka na tangazo, nikalibandika ubaoni mwenyewe. Tarishi wetu mzee akavaa miwani, akasoma kidole kikifuata mstari.

"Mwanangu, hapa hukukosea tarakimu?"

"Hapana, mzee. Ndivyo ilivyo."

Akasoma tena. Akavua miwani, akatoa pini mfukoni.

"Haya. Ongeza na hii hapa chini, upepo usije ukalichukua."

Siku ishirini na moja zimeanza, na bado naogopa. Laiti ungekuwapo uupitie ukurasa huu, uniambie kama mwandishi amethubutu.

Pumzika, shangazi.

Mimi, mtoto wa kaka yako