Kamba ya Nguo Ofisini

Alhamisi, mwezi wa sita, 2002

Bado nacheka peke yangu kama mwehu. Kamba yangu imeshinda!

Wiki nzima Désiré, mwenzangu wa kazi, ananisumbua tununue ile programu ya kupanga kazi, ya CD, kutoka Nairobi. Leo akafungua nakala yake ya majaribio kwenye kompyuta mbele ya mteja wetu, Mama Zaituni wa duka la dawa, amuonyeshe programu ya stoki tunayomtengenezea imefika wapi. Umeme ukakatika. Bon.

Mama akashika mkoba. Nikaona kazi yetu inatoka naye mlangoni.

Nikamvuta ukutani, kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kila kazi ni kikaratasi kwenye kibanio: kushoto haijaanza, katikati inafanywa, kulia imeisha. Akachomoa kibanio cha faktire, zile ankara za wateja wake, kulia, akakirudisha katikati.

“Apana, mwanangu. Hii jana ilinikatalia dukani.” Akacheka, akaweka mkoba chini. “Sasa mi naona.”

Désiré naye! Jioni kaenda sokoni kununua vibanio vingine, vyekundu.

Roho ilikuwa juu kwa jambo moja tu. Faktire ni kazi ya Espérance, mwenzetu anayekaa mtaa wa Kanyosha, na usiku risasi zililia huko. Hakuja. Mchana kutwa nilikwepa kukitazama kibanio chake.

Kabla tu ya kuvrefe, saa ya kutotoka nje usiku, simu ikalia. Espérance, mzima! Barabara ilifungwa.

“Mutu asiguse kibanio changu,” akasema. “Ile mi nilimaliza.”

Nikasema ndiyo, ndiyo, huku machozi yananitoka kwa kicheko.