Mashine Iliyoitwa Mzigo

Nyumbani kwa baba,
Chumba cha uani,
Tarehe 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, yule mdogo ameacha kukohoa? Natumaini baridi ya huko imepungua na kiwiko ulichoumia kazini kimepona. Sisi huku hatujambo, yaani tunapumua. Baba yupo vilevile. Upande wa kulia uliopooza haujarudi, ila ulimi umefunguka kidogo, na akisema neno sasa tunalielewa.

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini kaka yetu hapokei simu zako, na kwa nini mdogo wetu Kitinda hataki kuzungumzia mtihani wake. Huku kila mtu ana jibu lake. La kweli ninalo mimi, na nimekuandikia kwa mkono kwa sababu sitaki lipite kwenye mtandao wa nyumba hii.

Ulipotuma ile ruta ya mtandao ulisema iwe ya wote. Kaka aliifunga ukutani chumbani kwake, akaweka neno la siri analolijua peke yake. Kompyuta zilikuwa nne: yake, ya mkewe, yangu ninayochapia kazi za wakili, na laptopu ya Kitinda. Kila asubuhi tulipiga hodi mlangoni kwake kama wagonjwa kwa daktari, atufungulie. Ukimuudhi, anakukata, na hata akiwa kazini alikuwa na uwezo wa kukukata kwa simu. Siku moja mkewe alizidisha chumvi kwenye mboga. Akamkata siku tatu nzima, na mama yake mzazi kalazwa, hawawezi hata kuonana kwenye kioo. Kaka akatuambia mezani, "Nyumba hii ina wifi wawili, na wote nawazima nikitaka." Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana siku hiyo nilikuwa na kurasa arobaini za wakili.

Sasa Kitinda. Mwaka mzima alikuwa akitoka zahanati miguu imevimba, anakula kasimama, anafungua vitabu. Ule mtihani wa wauguzi wanaotakiwa nje unafanywa nyumbani, kamera ikikutazama, saa tatu mfululizo. Mtandao ukikatika zaidi ya dakika tano, mlango unafungwa, na hurudii mpaka miaka miwili ipite.

Siku moja kabla, kaka alimwambia kwa sauti, mlango wa baba ukiwa wazi, "Kesho saa nne nina mkutano wa mtandaoni hapa nyumbani. Ukinivutia mtandao nakukata, uwe na mtihani usiwe nao."

Kitinda akapiga magoti pale pale sebuleni. "Kaka, saa tatu tu. Saa tatu tu, kaka yangu."

Kaka akasema ataona, akaenda zake kuoga.

Asubuhi alitoka mapema. Mkewe akaenda sokoni, Kitinda akakaa mbele ya kamera kuanza mtihani. Nikaingia chumbani kwao kuchukua mashuka ya kufua, maana nayo huyafua mimi, nikakuta kompyuta yake inawaka. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya mashine zetu, kila moja na jina alilolipa yeye. Yake aliiita Mwenyewe. Ya mkewe, Jiko. Ya Kitinda, Mzigo. Nikaitafuta yangu. Ilikuwa Yaya.

Mikono yangu bado ilikuwa inanuka dawa ya vidonda vya mgongo wa baba. Miaka sita, mdogo wangu. Nimemgeuza, nimemlisha, nimemwosha, na mchumba niliyekuwa naye alichoka kungoja akaenda kuoa kwingine. Kitinda akifaulu, miezi miwili anapanda ndege. Alikuwa ameshaniahidi, "Dada, nikifika tu nitakuita." Na wewe ulisema hivyo hivyo.

Mbele ya kila jina palikuwa na kitufe. Nikabonyeza cha Mzigo.

Sikukosea. Sikuteleza. Nilikaa kitandani kwa kaka na mashuka mapajani, nikatazama saa ya ukutani.

"Dada! Dada, mtandao!"

Nikamjibu nikiwa ndani, "Tulia, mdogo wangu, utarudi."

Nilimsikia akikimbia ukumbini, akitoka hadi kizingitini, akirudi. Nilipochungulia alikuwa ameinua laptopu juu ya kichwa kwa mikono miwili, anazunguka nayo sebuleni huku akisema, "Tafadhali, tafadhali." Nilingoja dakika kumi zikatimia ndipo nikamrudishia. Kwenye kioo chake yalikuwepo maneno mawili tu: Mtihani umefungwa.

Kaka aliporudi saa kumi alikuta tumemkalia kikao. Aliapa. "Haki ya Mungu sikugusa kitu!" Nani angemwamini? Kitinda alimrukia, akampasua shati. Baba akatupigia ukuta kwa ule mkono mzima, tukamfuata sote chumbani. Alilitafuta neno muda mrefu, mate yakimchuruzika, akalipata.

"Toka."

Kaka akanigeukia. "Leo nani aliingia chumbani kwangu?"

"Nani atathubutu?" nikamjibu. "Si wewe mwenye nyumba?"

Walihama jioni ile ile na magodoro mawili. Mkewe alipokuwa akifunga vyombo aliniambia, analia, kwamba mkutano ule kaka aliuhamishia ofisini makusudi, ili Kitinda aachiwe mtandao wote. Aliona haya kutuambia. Nilimsaidia kufunga sahani.

Kwa hiyo hapokei simu zako kwa sababu anadhani na wewe umemhukumu.

Kitinda sasa analala chumbani kwangu. Usiku wa kwanza alinikumbatia akasema, "Dada, humu ndani ni wewe tu uliyenionea huruma." Mtihani hataki tena kuusikia. Akitoka zahanati anamwosha baba, na mkono wake ni wa kazi hasa: vile vidonda vimekauka. Ruta imehamia ukutani kwangu. Neno la siri nimelibadilisha, na Kitinda ananiomba kwa adabu kila anapotaka kufungua laptopu yake. Mimi nina nafasi. Nimenenepa kidogo. Ulitaka nikwambie nalia? Nililia siku moja, nikachoka.

Najua unavyopenda haki ukiwa mbali. Ukitaka kumwambia Kitinda, mwambie. Ukitaka kumwambia kaka, namba yake unayo. Ila siku utakayosema, uwe umeshakata tiketi. Baba huoshwa saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na hukojoa kitandani mara mbili katikati. Atahitaji mtu.

Nisalimie wifi yangu, umwambie kitambaa alichotuma nimekishona gauni. Uwabusu wanangu wote wawili. Baba anakusalimu, na Kitinda angekusalimu pia, ila hajui kama nimekuandikia. Mungu awalinde na awape afya, mkono wenu usipungukiwe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ujapokuwa huji.